Re: Rangi ya kuzuia maji inabanduka kwenye ukuta wa bloku

Mkuu, umeuliza kwa nini rangi ya kuzuia maji uliyopaka ndani inavimba na kubanduka ilhali mvua ilishakatika. Maji bado yamo ndani ya bloku. Bloku hizo zina matundu katikati. Maji yakipenya kwenye ufa wa nje au juu ya ukuta, hushuka na kutuama kozi ya chini, yaani mstari wa chini kabisa wa bloku. Nawe umeziba upande ambao yangekaukia.

Hakikisha kwanza. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, acha siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa tu, fungua madirisha.

Kama ni ukuta, toboa vitundu vya milimita 10 hivi kwenye kozi ya chini, kimoja kwa kila tundu la bloku, ukikwepa nyaya na mabomba. Weka beseni la kukinga maji yatakayotoka, sitanii! Kisha kwangua rangi yote na uache ukuta ukauke, hata kwa wiki kadhaa. Ukiona unga mweupe ukutani, hiyo ni chumvi: usugue kwa brashi kavu, usiuoshe.

Huku nje, kagua gata, kingo za madirisha na ardhi inayoteremkia nyumbani. Ufa unaocheza, yaani unaotanuka na kubana, usiuzibe kwa saruji, utapasuka tena. Tumia silanti (gundi ya kuzibia nyufa) inayonyumbulika. Rangi mpya iwe ile inayoruhusu ukuta kupumua.