Kwa nini tetemeko lisikilizwe kisimani?

Safu iliyopita niligusia vipima mitetemo vinavyoshushwa visimani kando ya ufa wa San Andreas, Marekani. Maswali yakamiminika, leo nachukua manne.

Kwa nini vifukiwe? Si vikae juu ya jiwe tu, Dodoma mawe tunayo. (Msomaji, Nzuguni)

Mawe tunayo, na kelele tunazo. Upepo wa Agosti ukiyumbisha mbuyu, mizizi inaitikisa ardhi. Treni ikipita Ihumwa, vivyo hivyo. Kipima kilicho juu kinayaandika yote. Isitoshe, udongo uliochakaa hula mitetemo ya haraka haraka, na tetemeko dogo karibu lote ni mitetemo hiyo. Mita mia mbili chini, ndani ya mwamba mzima, kunatulia. Huko Parkfield, California, kando ya ufa huo wa San Andreas, wanafanya hivyo tangu miaka ya 1980. Adha yake: kifaa kikishatua chini, hakuna ajuaye kimeelekea wapi. Kamba imejisokota, na dira ndani ya bomba la chuma hudanganya. Basi hulipuliwa baruti mahali panapojulikana, wakaangalia mtikisiko umeingia kwa upande gani wa kifaa.

Wanajuaje lilikotokea? (Mwalimu, Bahi)

Tetemeko hutoa mawimbi mawili kwa mpigo. La kwanza hukata mwamba kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde, la pili kama 3.5. Ni bodaboda na baiskeli zilizoondoka pamoja: baiskeli ikichelewa sana, ujue zimetoka mbali. Kila sekunde ya kuchelewa ni kama kilomita 8. Kituo kimoja kinakupa umbali, chora duara. Vituo vinne, duara zinakutana. Kinachosumbua ni kina: ukikosea kidogo kasi ya mwamba, tetemeko linapanda au kushuka hata kilomita nzima. Mimi ramani ya nukta nadhifu isiyotaja kiasi cha makosa siiamini.

Uliandika ukubwa wa "hasi 1". Ulikosea? (Mwanafunzi, UDOM)

Sikukosea. Richter alipobuni kipimo chake mwaka 1935, sifuri aliiweka chini ya yale ambayo vyombo vya wakati ule vilizoea kunasa. Vyombo vya leo vinasikia madogo zaidi, yaliyo chini ya sifuri hiyo. Friza nayo inasoma hasi 18, na hakuna anayebisha.

Vitatuonya kabla? (Mama, Manyoni)

Hapana, mama. Parkfield walitarajia tetemeko kubwa kabla ya 1993 kwisha. Likaja tarehe 28 Septemba 2004, ukubwa wa 6.0, bila dalili ya kueleweka, ingawa vipima vilijaa pale. Faida ya vipima ni kuonyesha ufa ulio hai umelala vipi huko chini. Wewe unayepanda ule ukingo wa Bonde la Ufa pale Kilimatinde kila safari, hilo si dogo.

Na yule wa Mpunguzi aliyeuliza kama kisima chake kilichokauka kinafaa: kifaa hushikamanishwa na mwamba kwa saruji, ndugu yangu. Kikiingia, pampu hairudi tena humo.