Mpapai kwenye baridi: soma makosa yangu kwanza

Nianze na aibu yangu. Nilihamia Njombe nikitokea Morogoro, nina mbegu za papai kwenye bahasha, nikajiambia papai ni papai tu, kule linaota hata jalalani sasa huku ligome kwa nini? Nikapanda miche sita bondeni karibu na bomba ili nisihangaike na ndoo. Mwezi wa saba sakitu (umande ulioganda kuwa barafu) ikapiga, asubuhi nakuta majani meusi kama yamebabuliwa na moto, na mimi kwa huruma zangu nikaongeza kumwagilia kila jioni. Yote sita ikaenda.

Kwahiyo wewe unayeanza, jua kwamba mpapai wa kawaida haubembelezeki. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 unadumaa kama umesusa, likigusa sifuri unaungua, na hata ukizaa tunda linakuwa halina sukari, unakula kama tango. Tafuta ndugu zake wa milima ya Andes, kule Ecuador na Kolombia. Kuna papai la mlimani, dogo, la njano, harufu yake usiseme, na kuna babako (ndo jina lake hilo, usicheke), refu lenye pembe tano, halina mbegu kabisa na unalila na ganda lake. Hizi zinavumilia sakitu ndogo, lakini ndogo kweli, sio ya usiku kucha.

Ila sikiliza, nimekuja kugundua kwamba baridi peke yake haiuwi sana, kinachoua ni baridi pamoja na maji. Udongo ukiwa wa baridi mizizi hainywi, wewe unamwaga tu, yanatuama, mizizi inaoza, afu majani yanalegea, unadhani mti una kiu, unamwaga tena! Kabla hujamwagia chimba na kidole, kama chini bado kuna unyevu ondoka. Kama lazima umwagie, iwe asubuhi. Udongo wetu huu mwekundu wa mfinyanzi unashika maji, kwahiyo inua tuta, changanya mchanga na samadi iliyoiva, weka matandazo ila yasiguse shina.

Bondeni usipande kabisa maana hewa ya baridi inateremka na kulala huko kama maji. Panda juu kidogo, kwenye ukuta wa tofali. Upande upi? Sisi tuko kusini mwa ikweta, mwezi wa sita na wa saba jua linapitia kaskazini, kwahiyo ukuta unaotazama kaskazini ndo unaoota jua mchana na kutoa joto usiku. Miche midogo nafunika na gunia jioni, asubuhi natoa.

Mbegu za papai la mlimani zisugue na majivu mpaka kile kigozi chenye utelezi kitoke, kinazuia kuota, halafu uwe na subira kwa sababu kwenye baridi hata mwezi unaweza kupita hujaona kitu. Panda minne au mitano, maana mara nyingi dume na jike ni miti tofauti. Jirani yangu aling'oa madume yote eti hayana faida, sasa hivi ana majike yanatoa maua tu.

Babako unapanda kwa kipande cha shina, kama sentimita 30, unakiacha kivulini siku kadhaa kidonda kikauke ndo unachomeka. Na ukikata mti mkubwa ufunike pale juu, shina lake lina uwazi ndani, mvua ikiingia linaoza kuanzia juu.

Kuvuna vaa glovu, utomvu wake unababua ngozi. La mlimani bila kupikwa wengi hawalipendi, mimi nalimenya, natoa mbegu, nachemsha na sukari na ndimu. Chile wanafanya hivyo hivyo na wanauza kwenye chupa. Wanangu wanapaka kwenye chapati.