Klabu binafsi nayo ina mipaka

Ndugu, unasema klabu ni mali ya wanachama, kwa hiyo wamkatae wamtakaye. Kwa Kenya si hivyo. Kifungu cha 36 cha Katiba ya 2010 kinatupa uhuru wa kujumuika, lakini cha 27(5) kinamkataza mtu yeyote kumbagua mwenzake, si serikali peke yake. Kesi ya Limuru Country Club, klabu ya gofu, ndiyo iliyoonyesha jambo hili vizuri: klabu ilikuwa na kanuni ya kuwanyima wanawake wacheza gofu haki ya kupiga kura, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikasema huo ni ubaguzi. Fikiria, mtu ni mwanachama halali, analipa ada, halafu siku ya mkutano mkono wake hauhesabiwi kwa sababu ni mwanamke! Uhuru wa kujumuika ulikuwa wake pia.

Kwangu mimi, kanisa kumchagua mchungaji wa imani yake ni jambo jingine kabisa, na chama cha akina mama wa mtaani kupokea wanawake pekee vilevile. Hao wana lengo linaloeleweka. Gofu inahitaji wanaume pekee wapige kura kwa lengo gani?