Piga Dramu Inayoimbika

Nina kipimo kimoja cha solo ya dramu: wimbo ukiisha, unaweza kuiimba kwa mdomo? Kusifu kwamba jamaa ana mikono myepesi hakutoshi. Namaanisha kuiimba yenyewe, du-du-ka-du, huku unaosha vyombo au unasubiri daladala. Solo nyingi ninazozisikia siku hizi, tena za vijana wenye vipaji vya kutisha, hazifaulu hapo. Unapiga makofi, unarudi nyumbani, hukumbuki hata pigo moja. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa kanisani, na wale wanaonifuata nikifungua dramu baada ya harusi kuuliza waanzie wapi, nawarudisha Marekani ya mwaka 1958 hadi 1963, kwenye santuri za rock and roll ambazo mwimbaji hayupo na dramu ndiyo yenye neno.

Wengi hugoma kwanza. "Mwalimu, wimbo hauna maneno, halafu wa wazee!" Nawajibu tusikilize kwanza, kubishana kupo.

Napenda kuanza na "Topsy II" ya Cozy Cole, 1958. Cole hakuwa kijana wa rock and roll hata kidogo. Alizaliwa 1909, alishapiga na bendi ya Cab Calloway na baadaye na Louis Armstrong, na katika miaka ya 1950 yeye na mpiga dramu mwenzake Gene Krupa walifungua shule ya dramu jijini New York. Mzee huyo wa jazi, akikaribia miaka 50, alichukua wimbo uliowahi kupigwa na bendi ya Count Basie, akaugawa pande mbili za santuri, na upande wa pili, ule uliojaa dramu, ukapanda hadi nafasi ya 3 kwenye chati kuu ya jarida la Billboard na nafasi ya 1 kwenye chati ya R&B. Sikiliza anavyokaa kwenye tomu, zile dramu zenye sauti ya kina, bila haraka. Mtu aliyepiga miaka yote hiyo alikuwa na mbinu za kujaza saa nzima, lakini alijua santuri ndogo ina dakika chache tu na redio haina subira. Akachagua.

Halafu kuna Sandy Nelson, mpiga dramu kijana wa Santa Monica, California. "Teen Beat" yake ya 1959 ilifika nafasi ya 4 Marekani. "Let There Be Drums" ya 1961 ilifika nafasi ya 7 huko na ya 3 Uingereza. Hiyo ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Gitaa la Richie Podolor linarudia kifungu kifupi chenye sauti nzito, na chini yake tomu zinazunguka bila kupumzika. Gitaa likinyamaza, tomu zinabaki, na hapo unagundua kwamba muda wote ulikuwa unazisikiliza zenyewe. Matoazi yapo, ila hayaruhusiwi kuharibu kitu. Mpiga dramu yeyote mwenye matoazi mapya na ashike somo hilo.

Mwaka 1963 Nelson alipata ajali ya pikipiki, akakatwa sehemu ya mguu wa kulia, ule wa kanyagio la besi dramu, dramu kubwa inayopigwa kwa mguu. Akajifunza upya kwa mguu wa kushoto, akaendelea kurekodi. Nawaambia vijana habari hii wanapolalamika kwamba kanyagio la kanisa ni bovu. Lakini niseme ukweli pia: albamu zake nyingi za baadaye ni nyimbo maarufu za watu wengine zilizowekewa dramu mbele, na sehemu kubwa unaweza kuiruka bila hasara.

Sasa tuje kwenye "Wipe Out" ya The Surfaris, 1963, maana hapa ndipo penye kazi. Hawa walikuwa vijana wadogo wa Glendora, California. Waliingia studio ndogo ya Cucamonga kurekodi wimbo mwingine, na "Wipe Out" ikawa ya kujazia upande wa pili wa santuri. Ikafika nafasi ya 2 Marekani. Mpiga dramu wao, Ron Wilson, aliuleta mdundo ule kutoka kwenye gwaride la bendi ya shule. Ukiujua muziki wa gwaride utatambua asili yake mara moja: vipigo vya haraka, vya urefu sawa, mkono wa kulia na wa kushoto vikipokezana, vinne ndani ya kila hesabu moja.

Kama vyote viko sawa, wimbo unatoka wapi? Unatoka kwenye vile vichache vilivyopigwa kwa nguvu. Mikono haisimami, ila kila baada ya muda pigo moja linapanda juu ya mengine, mara likiangukia mkono wa kulia, mara wa kushoto. Ukiandika hayo makubwa peke yake, una kifungu ambacho mtoto anaweza kukipiga kwa vidole juu ya dawati. Na watoto wamekipiga kweli juu ya madawati kwa zaidi ya miaka 60, walimu wakikereka.

Namna ninavyofundisha ni hii. Weka dramu kando, chukua mto mgumu au ukingo wa godoro. Mto haurudishi kijiti, kwa hiyo mkono unalazimika kufanya kazi yenyewe, na ukiwa unaishi nyumba ya kupanga utakuepusha na kesi kwa mwenye nyumba. Pigo dogo, kijiti kisipande zaidi ya vidole vitatu kutoka kwenye mto. Pigo kubwa, kijiti kiinuke hadi usawa wa bega. Tofauti ya sauti inatokana na kimo hicho. Ukijaribu kuipata kwa kukaza misuli, mkono utachoka kabla ya gitaa kurudi. Washa metronomu (kihesabu mdundo) ya kwenye simu, anza na 80 kwa dakika, na usiongeze hata kidogo mpaka mkono wa kushoto utoe pigo kubwa lenye uzito sawa na la kulia. Rekodi yenyewe iko karibu na 160. Wengi wanafika huko mapema na kelele tupu, kila pigo kubwa, wimbo umezama.

Na imba. Imba yale makubwa kwa mdomo huku mikono ikipiga yote. Mdomo ukikwama, mikono bado haijaelewa.

Watu huniuliza kwa nini santuri hizi hazifi, wakati solo za baadaye zenye ufundi mwingi zaidi zimebaki kwa wapenzi wachache. Miaka michache baadaye, jukwaani, John Bonham, mpiga dramu wa kundi la rock la Led Zeppelin, aliweza kupiga solo ya dakika 20 na zaidi. Bonham namheshimu sana, lakini katikati ya dakika hizo 20 mimi huenda kuchukua soda. Nelson anamaliza kabla hujaondoka kwenye kiti. Kifungu kinasemwa, kinarudiwa, kinageuzwa kidogo, kinarudi, basi.

Halafu mapengo yale yenye dramu tupu yalikuja kupata kazi mpya. Mwaka 1973 kundi la The Incredible Bongo Band lilitoa albamu iliyorudia "Bongo Rock", iliyovuma 1959 kwa mikono ya Preston Epps, na "Let There Be Drums" hiyohiyo. Ndani yake mlikuwa pia na "Apache", wimbo ambao The Shadows wa Uingereza walitamba nao 1960. Kule Bronx, New York, DJ Kool Herc alichukua nakala mbili za santuri, akawa anarefusha sehemu ya dramu kwa kuruka kutoka santuri moja kwenda nyingine, vijana wakicheza papo hapo. Hip hop imejengwa juu ya sehemu hizo.

Ukizitafuta mtandaoni, angalia mwaka. Mikusanyiko mingi ya bei rahisi ina rekodi zilizopigwa upya miaka ya baadaye, zikiwa na jina na picha ileile. Nelson mwenyewe ana "Teen Beat '65", ambayo ni kitu kingine. Tafuta ile ya 1959 ya kampuni ya Original Sound, na "Let There Be Drums" ya Imperial. Na usisikilize kwa spika ya simu: inameza tomu kubwa na besi dramu, unabaki na mkwaruzo wa vijiti, halafu unakuja kuniambia mbona wimbo mwembamba. Visikilizi vya kawaida vinatosha.

Zikishakuingia, nenda Burundi. Mwaka 1971 ilitoka santuri ya Mfaransa mmoja, "Burundi Black", iliyochukua rekodi ya wapiga ngoma wa huko na kuiongezea vyombo vya Kizungu, na ikauzwa Uingereza. Mimi naona ngoma zile hazikuhitaji msaada huo. Tafuta rekodi tupu, ambamo ngoma ziitwazo amashakwe zinashika mdundo usiokatika na zile ziitwazo ibishikizo zinaifuata inkiranya, ngoma iliyo katikati. Kama umeshaiweza "Wipe Out" kwenye mto, mpangilio utautambua: kuna vipigo visivyosimama, na juu yake kuna vile vinavyoimba. Tofauti ni kwamba Wilson aliyafanya yote kwa mikono miwili, na Warundi wamegawana kazi, kwa hiyo chagua ngoma moja tu, uifuate kwa mdomo mpaka mwisho, kisha uanze upya na nyingine.