Nimevunja toba ya sigara mara nyingi: je, swala yangu ina maana tena?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni fundi gereji Tanga, navuta sigara tangu nikiwa sekondari. Nimetubu mara kadhaa na kila mara narudi. Baada ya Ramadhani niliapa, "Wallahi sivuti tena," arosto, yaani ile hamu kali ya sigara, ikanishinda. Tatizo langu kubwa ni kwamba nikishavuta moja naona nimeshaharibu, basi namaliza pakiti. Wakati mwingine namtafutia mke wangu ugomvi ili nipate sababu ya kutoka kwenda kijiweni. Ustadhi mmoja wa mtaani kaniambia swala ya mvutaji haikubaliwi siku arobaini, na kwamba kutubu na kurudi ni kumchezea Mwenyezi Mungu, bora nisubiri niache kabisa ndipo nirudi msikitini. Tangu hapo swala ya jamaa siendi, na za nyumbani nazo zinanipita. Rafiki yangu ananishauri niape kwa talaka ili niogope. Nifanyeje? Na vile vibandiko vya nikotini vya duka la dawa vinafaa?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah, ndugu yangu. Uharamu wa sigara wewe hukuuliza, nami sitaurudia. Swali lako limenikosesha raha kwa ile sentensi ya kwamba swala zinakupita. Uliingia kwa ustadhi na dhambi ya sigara, ukatoka na dhambi ya kuacha swala, na hii ya pili ni kubwa kuliko ile ya kwanza kwa umbali ambao hakuna mwanachuoni anayeubishia. Basi kabla hujaendelea kusoma, kama kuna swala ambayo wakati wake umeingia na hujaiswali, inuka uswali. Zilizokupita utazilipa, na zile ulizoziacha makusudi uanze nazo bila kuchelewa.

Sasa hilo la siku arobaini. Hadithi ipo, wameipokea Tirmidhi na wengineo, lakini inamzungumzia mnywaji wa khamri, yaani pombe. Tumbaku iliingia katika miji ya Waislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijra, na wanavyuoni wa karne iliyofuata walitofautiana juu yake waziwazi. Ibrahim al-Laqani aliiharamisha, Abdulghani an-Nabulsi akaandika kitabu kizima cha kuihalalisha. Leo madhara yake yamejulikana, na Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa tumbaku, kwa hiyo ile hoja ya kuihalalisha imebaki haina miguu. Lakini tazama: hukumu ya uharamu tumeifikia kwa ijtihadi, kwa kupima madhara. Kipimo hicho kinatupa hukumu tu. Hakitupi ruhusa ya kuchukua kemeo la ghaibu lililotajwa kwa khamri tukalibandika kwenye sigara. Nani kamwambia ustadhi huyo kwamba Mwenyezi Mungu hakubali swala ya mvutaji siku arobaini? Mambo ya kukubaliwa na kutokubaliwa hayathibiti kwa kiasi, yaani kulinganisha jambo na jambo, yanathibiti kwa andiko. Andiko hilo alete, asipolileta anyamaze.

Na hata tumwachie hilo. Hata mnywaji wa khamri mwenyewe, ni mwanachuoni gani aliyemwambia asiswali? Imam Nawawi na wengine wamefafanua kuwa maana ya kutokubaliwa ni kukosa thawabu zake, ama faradhi inamdondoka akiswali, na asiposwali ana dhambi mbili. Kwa hiyo ustadhi amechukua hadithi ya watu wengine, akaielewa kinyume na wenye elimu, halafu akaifanyia kazi kwa mtu aliyekuja kuomba msaada.

Tena anasema usubiri usafike ndipo uje msikitini. Alikuja mtu kwa Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, akaungama kuwa amembusu mwanamke asiye wake. Ikateremka: "Na simamisha swala katika ncha mbili za mchana na nyakati za usiku zilizo karibu nao, hakika mema huondoa maovu." Aya ya Surat Hud hiyo, ya 114. Yule bwana akauliza kama ni yake peke yake, akajibiwa kuwa ni ya umma wote. Mtu amekuja na dhambi mikononi, anaelekezwa kwenye swala. Huyu wa mtaani kwenu anamrudisha mtu mlangoni.

Ile hadithi ya kitunguu saumu, kwamba aliyekila asiukaribie msikiti, ni ya harufu. Piga mswaki, badilisha shati la gereji, uingie. Hakuna zaidi.

Ama "kumchezea Mwenyezi Mungu", hapa ndipo pana madhara makubwa zaidi, na nitakaa kidogo. Katika Bukhari na Muslim, Mtume anasimulia kutoka kwa Mola wake habari ya mja aliyefanya dhambi akasema: Ewe Mola, nisamehe. Akasamehewa. Akarudia, akaomba, akasamehewa. Akarudia tena, na Allah akasema kuwa mja wangu amejua ana Mola anayesamehe dhambi na anayeadhibu kwa dhambi, nimemsamehe. Imam Nawawi, akiieleza hadithi hii, anasema dhambi ikijirudia mara mia au mara elfu au zaidi, na mtu akatubu kila mara, toba yake inakubaliwa. Mara elfu, ndugu yangu! Wewe hujafika hata karibu. Na kule kuanguka kwa leo hakuirudishi nyuma toba ya mwezi uliopita. Ile ilishaandikwa. Unachotakiwa kutubia ni hii mpya tu.

Kuna sahaba aliyekuwa akiletwa kuchapwa kwa ulevi, tena na tena. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa jinsi anavyoletwa mara nyingi. Mtume akakataza: msimlaani, kwani namjua anampenda Allah na Mtume wake. Imo katika Bukhari, kutoka kwa Umar. Adhabu ilipita na mapenzi yake yakashuhudiwa, yote mawili katika kikao kimoja. Watu wengi wanaotoa mawaidha siku hizi wanayaweza ya kwanza tu.

Anayemchezea Mwenyezi Mungu ni yule anayesema "nimetubu" huku ameficha sigara kwenye dashibodi "kwa dharura", au "nijipime kama nimeacha kweli". Huyo toba yake imekosa sharti, nalo ni azma ya kutorudi. Hukuniandikia kama unafanya hivyo, lakini waachaji wengi nimewaona wanafanya, na fundi gereji ana mahali pengi pa kuficha. Mtume ametukataza kutamani kukutana na adui. Usijipime.

Sasa hili la "nimeshaharibu, namaliza pakiti". Umelitaja kama kwamba ni udhaifu mdogo, kumbe ndilo shina la tatizo lako. Mtu aliyefungua saumu ya Ramadhani makusudi saa nne asubuhi, mafakihi wa Kishafi wanamwambia nini? Wanamwambia ajizuie kula mpaka magharibi, na siku ile atailipa baadaye. Hakuna aliyemwambia kwa kuwa umeshafungua, keti ule. Heshima ya mchana uliobaki ipo pale pale. Vivyo hivyo sigara ya kwanza ina dhambi yake, ya pili ina yake, na ya pili hukuilazimika. Ukianguka kwenye moja, itupe hata haijafika nusu, mimina pakiti yote kwenye maji, tawadha, swali rakaa mbili. Iwe moja isiwe ishirini. Shetani hana faida kubwa na ile moja. Faida yake ni kukushawishi kuwa wewe ni mtu wa kushindwa, ukishaamini hivyo hana haja ya kukusukuma tena. Soma Surat Az-Zumar aya ya 53, uone waliozidisha kujidhulumu wanaitwa kwa jina gani. Anawaita "waja wangu".

Arosto nayo ina mwili, si shetani mtupu. Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo uliozoea hulia unapoikosa. Siku za mwanzo, hasa mbili tatu, ndizo kali kabisa: hasira, usingizi kupotea, njaa, mikono kutotulia. Baada ya wiki mbili mpaka nne hupungua sana. Wimbi lenyewe la hamu halikai, ni dakika chache tu kisha linashuka, uvute usivute. Kwa hiyo kazi yako si kushinda sigara ya maisha yote leo. Ni kuzivuka hizo dakika: mswaki wa mti mdomoni, maji ya baridi, toka uende kwenye bomba utawadhe, piga istighfari ukiwa unatembea. Usikae ukajadiliana nayo. Wewe mwenyewe Ramadhani hukai zaidi ya saa kumi na tatu bila moshi? Unaweza kwa sababu mchana ule hakuna mjadala, mlango umefungwa tangu nia ya usiku. Nuia kila usiku, mpaka kesho magharibi tu. Kisha nuia tena.

Na kijiweni usiende kwa wiki hizo. Kahawa chungu unaweza kunywea nyumbani.

Vibandiko vinafaa, wala usiwasikilize wanaosema ni tumbaku ileile. Nikotini hailevyi ikawa khamri, na kinachoua zaidi ni moshi wenye lami na monoksidi ya kaboni, ambavyo kibandiko hakina. Dawa hizi zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Mwulize mfamasia kipimo, hasa kama una ugonjwa wa moyo. Ukiwa na saumu, kibandiko hakifunguzi kwa madhehebu yetu ya Shafi kwa sababu kinapita kwenye vinyweleo, ama bazoka ya nikotini inafunguza. Shisha na sigara za umeme siziingizi katika ruhusa hii, nisije nikanukuliwa vibaya.

Kiapo chako cha "Wallahi sivuti tena" kilivunjika kwa sigara ya kwanza, na kafara ni moja, si kwa kila sigara, maadamu hukusema "kila nitakapovuta". Walishe masikini kumi, kila mmoja kibaba cha chakula kama mchele, kadiria robo tatu ya kilo, au wavishe. Kufunga siku tatu ni kwa asiyeweza. Watu wetu wanarukia saumu kwa kuwa ni rahisi mfukoni, na hesabu ya pakiti zako inaonyesha mchele unao. Usiape tena. Viapo vimekuongezea mzigo, havijakupunguzia sigara.

Talaka usiiguse! Huyo rafiki hajui anachokuambia. Kwa jumuhuri ya wanavyuoni, yaani wengi wao, na madhehebu ya Shafi yakiwemo, talaka iliyofungamanishwa na jambo huanguka jambo lile likitokea. Wapo waliosema ikikusudiwa kujizuia tu ni kafara ya kiapo, maarufu kwao ni Ibn Taymiyya, lakini utakwenda kumweka mke wako kwenye khilafu ya wanavyuoni kwa sababu ya sigara? Wewe mwenyewe unajijua ulivyo siku ya tatu. Utavuta, kisha utakuwa mlangoni kwa kadhi unauliza kama bado una mke, na siku hiyo utavuta pakiti mbili.

Nalo la kumtafutia ugomvi lina hukumu yake. Dhambi ya sigara iko baina yako na Mola wako. Hiyo ya ugomvi ina haki ya mja ndani yake, haifutiki kwa istighfari peke yake mpaka akusamehe. Mwambie ukweli: nilikuwa nakuchokoza nipate njia ya kutoka. Itakuuma kusema. Kisha mweleze kuwa siku za mwanzo utakuwa mkali bila sababu, akiona hivyo akukumbushe udhu wala asikujibu, na wewe ukimwona amenyamaza ujue anakusaidia. Akishaijua ile hila ya ugomvi, hutaweza kuitumia tena.

Leo magharibi nenda kwenye swala ya jamaa. Ustadhi yule akikuuliza, mwambie umetumwa.

Wallahu aalam.