Maswali ya Wasomaji: Transista Iliyoungua kwa Sababu ya Mota

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninatengeneza feni ndogo ya mezani itakayowashwa na kuzimwa na saketi ya mantiki yenye chipu ya 74HC08, inayotumia volti 5. Mota niliitoa kwenye gari la kuchezea la watoto na inatumia betri nne za volti 1.5. Nilipoiunganisha moja kwa moja na chipu haikuzunguka, na chipu ikapata moto. Nikaweka transista ya BC547 katikati. Feni ilizunguka mara tatu nne, kisha transista ikaungua. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa ufundi, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Mguu wa chipu hiyo hutoa bila taabu takriban miliampea 4 tu, kwa hiyo ulifanya vyema kutafuta transista, kifaa kinachotumia mkondo mdogo wa chipu kuwasha mkondo mkubwa wa mota. Ulichokosea ni ukubwa wake. Pima ukinzani wa mota kwa mita huku ukizungusha mhimili wake polepole kwa vidole, kisha chukua kipimo cha chini kabisa. Kikiwa omu 8, gawanya volti 6 kwa 8, upate ampea 0.75. Huo ndio mkondo ambao mota huuvuta wakati wa kuanza, au feni inapokwama, ilhali BC547 imetengenezwa kubeba ampea 0.1 tu.

Tumia TIP120, ambayo hubeba hadi ampea 5, na uweke rezista ya kiloomu 1 kati ya mguu wa chipu na besi, yaani mguu wa transista unaopokea amri. Miguu yake mingine miwili, emita na kolekta, ndiyo inayopitisha mkondo wa mota. Emita iende kwenye hasi, na mota ikae kati ya kolekta na chanya ya betri. Transista hii itakula karibu volti 1, kwa hiyo feni itapungua kasi kidogo, jambo ambalo kwa feni ya mezani mimi ningelivumilia. Angalia pia kwamba bati la mgongoni mwake limeungana na kolekta, hivyo lisiguse waya mwingine.

Hata hivyo, transista kubwa peke yake haitoshi. Ndani ya mota mna koili, na mkondo unaopita katika koili haukubali kukatwa ghafla: transista inapozima, koili huzusha volti kubwa kuliko ya betri mara nyingi, ikisukuma mkondo uendelee kupita, na volti hiyo yote huiangukia transista. Dawa yake ni dayodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) ya 1N4007, inayopatikana kwa urahisi Kariakoo, iunganishwe sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya ya betri. Hapo mkondo uliobaki utazunguka ndani ya mota na dayodi hadi uishe. Ukiigeuza, mara utakapowasha, umeme wa betri utapita kwenye dayodi bila kizuizi na kuichoma transista mpya, basi ikague mara mbili kabla ya kuweka betri.

Hasi ya betri za mota iungane na hasi ya saketi ya volti 5, la sivyo mkondo wa besi hautapata njia ya kurudi. Na iwapo chipu itatoa majibu ya ovyo kila mota inapozunguka, huo ni msukosuko wa umeme unaotoka kwenye brashi, vipande vinavyopeleka mkondo kwenye sehemu inayozunguka ya mota. Chomelea kapasita ya nanofaradi 100 kwenye miguu miwili ya mota yenyewe, si mbali nayo kwenye bodi.