Barua kwa mwanangu kuhusu kibali cha usalama

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliisoma jana usiku, na leo asubuhi nimeirudia kabla sijashika kalamu. Umeniuliza mambo mawili: kama ni lazima uandike kwenye fomu ya kibali cha usalama, kile kinachomruhusu mtu kushika siri za serikali, kwamba ulivuta bangi mara mbili ulipokuwa mwaka wa pili chuoni, na kama uwataje baba yako mdogo na shangazi yako wanaoishi nje ya Marekani, ilhali wenzako wa mafunzo ya urubani wanakushauri upunguze maneno ili kibali kitoke upesi na usiachwe nyuma ya darasa. Jibu langu kwa yote mawili ni kwamba uandike, na uandike kwa ukamilifu. Ninajua jibu hilo linaweza kukuchelewesha, kwa hiyo ni haki yako kuelezwa sababu.

Fomu iliyo mbele yako, SF-86, ni ndefu kuliko fomu yoyote uliyowahi kujaza, na inauliza mahali ulipoishi na kazi ulizofanya kwa miaka 10 iliyopita, hata miezi ambayo hukuwa na kazi. Wengi huidhani kuwa ni mtihani wa usafi, kwamba mwenye doa huanguka na asiye na doa hupita. Sivyo. Wanaoamua hutumia miongozo 13 iliyoanza kutumika Juni 2017, inayogusa mambo kama madeni, pombe, dawa za kulevya, mahusiano na watu wa nje na mwenendo wa mtu, na wanatakiwa kumpima mtu kwa ujumla wake: jambo lilikuwa zito kiasi gani, lilitokea lini, alikuwa na umri gani, limejirudia au limekoma. Kijana aliyevuta bangi mara mbili, akaacha na kusema hivyo mwenyewe, ana maelezo yanayosikilizwa. Desemba 2021 Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa alitoa mwongozo kwamba matumizi ya bangi ya zamani, peke yake, hayatoshi kuamua hatima ya mwombaji. Hata hivyo usijitetee kwa kusema kwamba jimbo ulilosomea lilikuwa limeihalalisha, maana fomu inauliza kwa sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, na kwa sheria hiyo bangi bado ni haramu. Swali linahusu miaka 7 iliyopita, nawe umo ndani yake. Andika mwezi, andika idadi, andika kwamba hukusudii kurudia, kisha endelea na swali linalofuata.

Uongo ndio hauna maelezo. Kuficha kwa makusudi ni kosa linalojitegemea chini ya mwongozo unaohusu mwenendo, na sheria ya shirikisho inaruhusu kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayetoa taarifa ya uongo kwenye fomu hiyo. Fikiria pia namna utakavyogunduliwa. Huandiki peke yako, kwa kuwa unataja watu watatu wanaokufahamu vizuri, na mchunguzi anaweza kuwauliza wakupe majina ya wengine ambao hukuwataja. Mmoja wa vijana mliokaa chumba kimoja akisema kwa nia njema kabisa, "Alijaribu mara moja mbili, halafu akaacha," basi jambo dogo la ujana limekwisha kuwa ushahidi kwamba afisa huyu akibanwa hudanganya. Majibu yako kwa daktari wa marubani nayo yanapaswa kulingana na haya. Daktari anaangalia kama mwili wako unafaa kuruka na mchunguzi anaangalia kama unaaminika kutunza siri, lakini aliyewajibu wote wawili ni wewe mmoja.

Jambo ambalo sijawahi kukusimulia ni hili. Unajua nilikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano ya ndege jeshini kwa miaka 20. Nilipojaza fomu yangu ya kwanza, nilikuwa na akaunti ya benki ya pamoja na baba yako mdogo, tuliyoifungua ili tuwajengee babu na bibi yako nyumba. Fedha zilikuwa kidogo, na mwenzangu mmoja aliniambia kwamba akaunti ya nje italeta maswali mengi, nami pale palipouliza kuhusu mali nje ya nchi nikajibu hapana. Miezi ikapita, nikaitwa kwa mahojiano. Mchunguzi alinionyesha kitambulisho chake, akaweka fomu yangu mezani na kuanza kuipitia ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Alipokaribia ukurasa ule nilihisi mdomo umekauka. Nikamwambia kabla hajauliza, "Kuna jibu moja hapa si la kweli." Kalamu yake ikasimama. Hakukasirika, alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika tarehe, akaniuliza akaunti ilifunguliwa lini, nani mwingine anatoa fedha, na kwa nini niliandika hapana. Swali hilo la mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu kulijibu, kwa sababu sikuwa na jibu ila woga.

Kibali nilikipata, kwa kuwa miongozo humpa nafuu anayerekebisha jambo mwenyewe kabla hajakabiliwa nalo. Lakini kilichelewa miezi saba, na miezi yote hiyo wenzangu waliingia kwenye chumba cha mitambo ya siri, nami nikabaki upande huu wa mlango nikipanga vifaa vyao. Akaunti yenyewe, ningeitaja tangu mwanzo, ingeniletea maswali ya robo saa.

Sasa kuhusu ndugu zetu. Kuwa na ndugu nje si kosa, na hakuna anayekutaka uwakane. Wanachopima ni kama mtu, serikali au kundi la nje linaweza kukushika kwa kuwatumia wapendwa wako, na hilo hawawezi kulipima bila kujua ni nani, wanaishi wapi, wanafanya kazi gani na mnawasiliana mara ngapi. Baba yako mdogo mnaongea kwa simu karibu kila wiki, na amekulipia ada. Huyo ni mtu uliyefungamana naye kwa upendo na kwa wajibu, na ndivyo fomu inavyouliza. Shangazi yako pia. Safari zako za likizo uziandike zote. Ukiona aibu kuandika majina yao kana kwamba unawashitaki, nielewe kwamba wao wenyewe nimewapigia, na wote wawili wamesema uwaandike.

Mengine ni kazi ya subira tu. Omba ripoti yako ya mikopo kabla ya kujaza, maana huenda kuna bili ya hospitali uliyoisahau inayosubiri humo. Palipo na anwani, andika mahali ulipolala kweli, si sanduku la posta. Ule ushauri nasaha ulioupata wewe wakati mama yako alipofariki usikutie hofu; maswali ya afya ya akili yanalenga mambo mahususi, na fomu yenyewe inasema kwamba kupata matibabu au ushauri peke yake si sababu ya kumnyima mtu kibali. Ukikwama, muulize afisa usalama wa kikosi chako, usiwaulize wenzako wa bwenini. Na ukishatuma, tunza nakala, kwa sababu siku hizi uchunguzi hauishii kibali kikitoka, na jambo jipya, liwe deni, ndoa au rafiki wa nje, utatakiwa kuliripoti linapotokea.

Inawezekana wenzako wakakutangulia wiki kadhaa. Ninajua namna inavyouma kubaki chini ukiitazama ndege ya mwenzako ikipaa, na sitaki uone kwamba ninalichukulia jambo hilo kirahisi.

Nimeambatanisha karatasi yenye majina kamili ya baba yako mdogo na shangazi yako, anwani zao, kazi zao na mahali walipozaliwa. Tarehe ya kuzaliwa ya baba yako mdogo nimeitoa kwenye cheti chake. Ya shangazi yako ni makisio ya familia, kwa kuwa hakuwahi kuandikishwa, kwa hiyo uiandike, na kando yake uweke alama kwenye kile kisanduku cha makadirio.

Baba yako.